Nani Kachukua Bellandi ya Kijani?

Ijumaa, saa moja na dakika kumi asubuhi, Tuyishime alifungua kufuli ya karakana yake pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, akakuta meza tupu. Alisimama mlangoni, kufuli ikiwa bado mkononi. Akatazama chini ya meza, akatazama nyuma ya mlango, na mwisho akainama kuchungulia ndani ya kopo la misumari, ingawa gari alilokuwa akilitafuta lilikuwa na urefu wa mbuzi mzima. Aliyepotelewa hutafuta hata pasipotafutika, na si vizuri kumcheka.

Gari lenyewe halikuwa la kupanda. Lilikuwa la bati na waya, la aina ambayo Wamalawi huita galimoto, ila hili halikuwa la kuchezea watoto. Miezi mitatu Tuyishime alilitengeneza kwa madebe ya mafuta ya kula, spoki za baiskeli na vioo vya simu zilizokufa, mpaka likawa mfano kamili wa Bellandi mpya, lile gari la michezo la milango miwili lililozinduliwa Italia mwanzoni mwa mwaka. Milango ilifunguka. Usukani ulizunguka na magurudumu ya mbele yakageuka. Hata gia ilisogea.

Na kesho yake, Jumamosi saa nne, lilitakiwa liwe Lilongwe. Bwana Gaffar, mwenye duka la spea kule Old Town, ndiye aliyeliagiza. Wapenzi wa magari wa jiji hukutana uani kwake, naye alitaka liwe mezani mbele yao. Wakilipenda, rafu moja ya duka ingekuwa ya Tuyishime, na jina lake lingeandikwa juu yake. Miaka tisa vigari vyake vilikuwa vimeuzwa barabarani na watu wengine, bila jina, kama karanga. Kibali cha kutoka kambini alichopewa kilikuwa cha Jumamosi hiyo tu.

Hakupiga kelele. Alifunga tena kufuli, chumba kikiwa kitupu, akaenda moja kwa moja kwa Mama Benedicte.

Mama Benedicte aliuza chai na mandazi karibu na soko la kambi. Kabla vita havijamtoa Bukavu alikuwa karani wa mahakama, na kazi hiyo ilimketisha miaka mingi chini ya mahakimu akisikiliza watu wakidanganya. Alipofika Dzaleka watu walimletea kesi zao hata bila kuombwa: kuku aliyepotea, mume aliyepotea, simu iliyorudi bila betri. Magari hayakumhusu. Kwake gari zuri lilikuwa lile linalofika. Lakini bahati mbaya, au nzuri, banda lake ndilo lililokuwa makao ya klabu ya wapenzi wa magari wa Dzaleka, ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na gari.

"Mama Bene," alisema Tuyishime, "Bellandi haiko."

"Haiko namna gani?"

"Meza iko bule. Kufuli iko muzima."

Mama Benedicte aliepua karai motoni. "Kaa. Kunywa chai kwanza. Mutu wa njaa anasahauka bintu. Ufunguo unaweka wapi?"

"Chini ya mbabula," alisema, akimaanisha jiko la mkaa.

"Na nani anajua kama unawekaka chini ya mbabula?"

"Ba klabu bote. Rukundo, Lwaboshi, Papa Fabien. Na weye."

"Mi sikuichukua," alisema Mama Benedicte bila kucheka, kwa kuwa ushahidi lazima uwe kamili. "Mara ya mwisho uliiona saa ngapi?"

"Jana, saa sita ya muchana. Niliichungulia kidogo."

"Uliichungulia? Si weye njo ulikataza bantu bote kufungua?"

Tuyishime aliinamisha kichwa. Vumbi jekundu la Dzaleka hushika rangi mbichi kama unga unavyoshika kiganja cha mpishi, kwa hiyo tangu alipopaka rangi Jumanne alikuwa ametangaza kwamba mlango hautafunguliwa mpaka Jumamosi asubuhi. Na yeye mwenyewe aliapa hataingia. "Nilishindwa," alisema. "Jana nilishindwa, na leo tena."

Mama Benedicte alifurahi moyoni, ingawa alimwonea huruma. Aliyeichukua Bellandi aliijua ile amri, na alitegemea kwamba mpaka Jumamosi hakuna atakayejua.

Saa mbili alikuwa mbele ya karakana. Mkabala na mlango, hatua chache, Speciose aliuza nyanya zake kila siku tangu asubuhi mpaka giza, na usiku mumewe alilala hapo hapo na mbwa wawili wakali wasiomjua hata mwenye nyumba. Mbwa hawakubweka. Basi gari lilitoka kabla ya jua kuzama, mbele ya macho ya Speciose.

"Gari ya Tuyi haiko. Jana muchana nani alipita hapa?" aliuliza Mama Benedicte.

"Bantu bengi, mama. Rukundo alipita kuuliza kama rangi imekauka. Lwaboshi alipita na gunia ya mbabula anaenda soko. Papa Fabien alipita na kabaza, wamefunga sanduku ya kinanda ya kwaya nyuma ya ile baiskeli, banaipeleka pa minibasi iende Area 36, Lilongwe, kuitengenezesha. Bamama ba mahindi. Lakini gari sikuona, na macho yangu iko mazima."

Mama Benedicte alinunua nyanya nne, maana shahidi haulizwi bure, akaenda kumtafuta Rukundo.

Hapa lazima isemwe jinsi Bellandi ilivyoigawa ile klabu. Picha zake zilipofika kwenye simu ya Rukundo, amani iliisha. Rukundo alisema pua yake ni ya kambare, na kwamba injini iliyochanganywa na umeme itanguruma kama friji. Lwaboshi hakuwa na neno na pua, bali rangi: Waitaliano wamelitoa gari likiwa kijani cha parachichi, na gari la Italia lisilo jekundu kwake lilikuwa sawa na harusi isiyo na bibi harusi. Fabien ndiye aliyelitetea kuliko wote. Alisema miaka yote hii viwanda vimeondoa gia ya mkono, dereva amebaki kubonyeza tu kama mtoto na simu, na sasa Bellandi wameirudisha. Tuyishime yeye alikwenda kutafuta bati.

Na walipobishana hawakubishana kwa mdomo tu. Kila mmoja aliendesha gari papo hapo juu ya kigoda: mkono wa kushoto umeshika usukani hewani, wa kulia unasukuma gia. Huko kwao, Bukavu na Kigali, magari hupita upande wa kulia wa barabara, na dereva hukaa kushoto. Mama Benedicte alikuwa amevunjiwa vikombe vya kutosha, akajifunza kuwawekea chai upande wa kushoto, mbali na gia.

Rukundo alikuwa kwenye kibanda chake cha kuchajisha simu. Alipoambiwa, kwanza aliuliza nani kaichukua.

"Wiki ilopita," alisema Mama Benedicte, "ulisema ile gari ikipotea hakuna mutu atalia."

"Nilisema."

"Ulisema pia mutu angefaa kuikata ile pua na makasi."

"Njo vile nilisema. Mama, mi nilisema iko mubaya. Sikusema siipende."

"Nionyeshe simu yako."

Alisita, kisha akaitoa. Mama Benedicte alipitisha picha kwa kidole. Bellandi ya kweli, ya Italia, ilikuwa na picha mbili. Ya bati ilikuwa na picha nyingi mno: ikiwa mifupa ya waya, ikiwa na mlango mmoja, ikiwa na mba wa kutu kabla ya rangi. Nyingine zilipigwa kupitia tundu la mlango.

"Jana nilienda tu kuuliza kama imekauka," alisema Rukundo. "Kisha nikarudi hapa. Uliza benye masimu, bote balinikuta. Mama, Tuyi atafanya nini kesho?"

"Funga kibanda," alisema Mama Benedicte, "uende umukalie karibu."

Lwaboshi hakuwa mwepesi hivyo. Yeye alikuwa fundi wa mbabula, na kwa bati hakuna aliyemfikia kambini isipokuwa mtu mmoja, na huyo mtu ndiye aliyepewa kazi na Gaffar. Mama Benedicte alimkuta akigonga nyundo; alipoambiwa, naye kwanza aliuliza nani. Juu ya meza palikuwa na vipande vya plastiki nyekundu, vya viakisi vya baiskeli, kama vile vya taa za nyuma za Bellandi.

"Hii inatoka wapi?"

"Yangu. Ile ya Tuyi pia, mi njo nilimupatia. Umuulize."

"Nitamuuliza. Jana ulikuwa na gunia."

"Gunia ya mbabula. Niliuzisha bamama ba Kimalawi, yote ikaisha. Mama, ile gari ukiingiza mu gunia inavunjika masikio." Alimaanisha vioo vya pembeni.

Lakini alipokuwa akisema alikuwa amesogea, na sasa amesimama mbele ya kona moja ya chumba, mgongo ukutani, mikono imefunguka kidogo kama kipa. Mama Benedicte alimpita chini ya kwapa na kuvuta turubai.

Chini yake palikuwa na kitu chekundu.

"Hii ni nini, Lwaboshi?"

"Ni Bellandi," alisema kwa sauti ndogo.

Mama Benedicte aliizunguka. Ilikuwa na magurudumu manne na uso, hilo halikukanushika, ila kwingine kote ilikuwa mbabula iliyolala. Hata tundu la majivu lilikuwepo. Karani wa mahakama hatakiwi kucheka mbele ya mshukiwa, basi alikohoa mpaka kicheko kikapita.

"Magurudumu imetoka muzuri," alisema.

"Usimuambie mutu."

"Sitamuambia. Lakini kama ungekuwa umeiba ya Tuyi, hungebaki unahangaika na hii." Akarudisha turubai taratibu, kwa heshima.

Saa nne alikuwa amerudi kwenye karai lake, na Fabien akaja mwenyewe.

Huyu Fabien alikuwa mwalimu huko Bukavu na sasa aliongoza kwaya. Kiingereza alikijua vizuri, na nusu ya kambi haikuweza kuongea na Lilongwe bila mdomo wake. Oda ya Bellandi ilipita kwake, kama zilivyopita oda zote. Watu walimpenda, naye alipenda kupendwa. Alikuwa amevaa shati la Jumapili.

"Papa Fabien, umesikia? Bellandi haiko. Tuyi amefungua leo asubuhi, amekuta meza bule."

"Amefungua?" alisema Fabien. "Amefungua juu ya nini? Si rangi ilikuwa inakauka?"

"Alishindwa kuvumilia."

Fabien alikaa. Mama Benedicte alimwekea chai upande wa kushoto kama kawaida, akarudi kwenye mandazi, akimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa amewapa habari hiyo watu wawili wa klabu asubuhi hiyo, na wote wawili kwanza waliuliza nani. Huyu aliuliza kwa nini mlango umefunguliwa.

"Itapatikana tu," alisema Fabien, akijichangamsha. "Mungu iko. Kesho pengine utaiona Old Town, bantu bamejaa. Ile gari, mama, hata kama ni ya bati, mi naionaka inapanda mulima ya Dowa, unaingiza ya pili, unaingiza ya tatu..."

Mkono wake wa kushoto ulisukuma gia. Kikombe kikaruka, chai ikamwagika mpaka kwenye shati la Jumapili.

Aliomba msamaha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama Benedicte alifuta meza, na Fabien alipoondoka aliendelea kuifuta ingawa ilikuwa imekauka. Kwa miaka yote aliyomjua, mkono wa gia wa Fabien ulikuwa wa kulia.

Saa sita na nusu alikuwa anakanda unga wa jioni aliposikia muziki. Kanisa la mbao lilikuwa ng'ambo ya njia, na kwaya ya akina mama ilikuwa imeanza mazoezi ya Jumapili. Waliimba vizuri siku hiyo. Kinanda kiliwafuata bila kukosea, sauti ya juu, sauti ya chini, zote safi. Mikono ya Mama Benedicte ilisimama ndani ya unga.

Alivuka njia akiwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Hiki kinanda si kilienda Area 36?"

"Njo alituambia Papa Fabien," alisema mwimbaji mmoja. "Tumekikuta nyuma ya ngoma, kimefunikwa kitenge. Kiko muzima kabisa."

"Na sanduku yake?"

Walitazamana. Sanduku hawakuliona.

Sasa alijua nani na alijua namna. Lililobaki lilikuwa kwa nini, na kwa Mama Benedicte kesi isiyo na sababu ni chai isiyo na majani. Fabien si mwizi. Fabien ndiye aliyelipenda lile gari kuliko wote. Alimwita Tuyishime, akamkalisha juu ya kigoda.

"Endesha."

"Mama?"

"Endesha Bellandi yako. Nione."

Tuyishime alinyoosha mikono, kushoto usukani, kulia gia.

"Dereva wa gari yako anakaa upande gani?"

"Huku. Kushoto. Kama dereva bote."

"Na dereva wa basi za hapa Malawi anakaa upande gani?"

Mikono ya Tuyishime ilishuka polepole mpaka magotini. Miaka tisa alikuwa akiona madereva wa Malawi wamekaa kulia, alipanda magari yao na kushuka, lakini hilo liliishia machoni. Mikononi mwake gari lilibaki la nyumbani. Na ile klabu nzima, iliyobishana miezi mitatu juu ya pua na rangi, haikuona. Mama Benedicte mwenyewe hakuona, japo hilo halikumtia aibu, kwa sababu hakudai kujua magari.

"Gaffar ataicheka," alisema Tuyishime. "Bote bataicheka. Kama njo vile, basi acha ipotee. Nisiione tena."

Alisema kwa uchungu wa kweli, na Mama Benedicte akakumbuka basi la mwaka uliopita. Lilikuwa basi zuri lenye viti vya ngozi. Siku ya kulikabidhi Tuyishime aligundua dirisha moja limepinda, nalo lilikuwa limepinda kwa unene wa unywele. Hakulirekebisha. Hajawahi kurekebisha kitu. Aliliweka chini akalikanyaga mpaka likalala kama sahani, akaanza upya, na mteja akaondoka. Ndivyo afanyavyo kazi, na kila mtu kambini analijua hilo.

Saa kumi wote walikuwa bandani: Tuyishime, Rukundo, Lwaboshi na Fabien. Chai ilimiminwa. Mama Benedicte alikaa, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Sitauliza nani alichukua gari," alianza. "Nitauliza kitu kimoja tu. Papa Fabien, kinanda cha kwaya kinagonjwa nini?"

Fabien alisogeza kikombe. "Sauti ya chini. Inakwamaka."

"Leo tumekisikia, mi na bamama bote. Kimepona mbio sana. Kinanda kilibaki nyuma ya ngoma, sanduku ikaenda Area 36. Sasa mule mu sanduku mulikuwa nini?"

Rukundo aliweka kikombe chini.

"Asubui," aliendelea Mama Benedicte, "nilikuambia gari imepotea, ukaniuliza juu ya nini alifungua mulango. Kisha ukamwaga chai yangu na mukono ya kushoto. Weye, Papa Fabien, unaendeshaka na kulia kama bengine. Tangu jana iko kitu kinakuzungusha kichwa, gari yenye volan kuliume, usukani ya kulia. Njia ya mwongo ni fupi, papa. Sema sasa, tungali bandugu."

Fabien alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee zaidi, na mchovu.

"Gaffar aliniambia," alisema. "Siku ya kwanza kabisa aliniambia, volan iwe kuliume, kama magari ya huku. Mi nilisikia kila kitu: rangi, milango, urefu. Ile nikaiacha ipite. Juu kwa mi gari iko na volan kushoto, basi, hata sikuiwaza. Jana muchana akanipigia. Anasema ataiweka karibu na gari yake, bapige picha madereva babili bakae upande moja. Simu ikanianguka."

"Ungeniambia," alisema Tuyishime.

"Ningekuambia, ungeikanyaga."

Tuyishime alitazama miguu yake kana kwamba nayo ina shauri la kutoa. "Ndiyo," alisema mwishowe. "Ningeikanyaga."

"Kule Area 36 iko ndugu yangu Balagizi, fundi wa kuchomelea bati. Speciose akihesabia bateja nyanya, niliingia na sanduku, nikamutumia gari mule na dereva wa minibasi. Nilisema leo jioni itarudi, naiweka pa meza, kesho unafungua, unaikuta imegeuka. Ungekasirika mu njia, lakini ungekuwa na gari. Kisha leo dereva akasema haji mpaka kesho. Na nilikuwa na haya pia. Niko mwalimu. Bantu bote banasema, mupatie Fabien, Fabien hakoseaka. Nilikosea, na kosa ingevunja kazi ya mwingine. Sikuweza kuisema."

"Na sisi?" aliuliza Rukundo. Alikuwa amesimama. "Mama alikuja kuniuliza kama mwizi. Lwaboshi pia. Ulikaa, ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Hiyo njo inaniuma kupita yote. Munisamehe."

Rukundo alitaka kuendelea kukasirika, lakini hasira yake siku zote ilikuwa fupi, akakaa. Lwaboshi alisema yeye amesamehe, na akasema haraka kidogo, huku akimtazama Mama Benedicte kwa wasiwasi juu ya lile turubai. Tuyishime alikunywa chai yake yote, akasimama.

"Sikusamehe bado," alimwambia Fabien. "Nitaiona kwanza. Kesho tunapita Area 36."

Jumamosi Mama Benedicte alifunga banda, jambo lililowashangaza wateja, akaenda na Tuyishime na Fabien, kila mmoja na kibali chake, maana karani husubiri hukumu. Saa tatu kasoro walikuwa Area 36, kwenye kibanda cha Balagizi, katikati ya wauza mitumba na milio ya redio. Balagizi aliitoa Bellandi chini ya shuka na kuiweka juu ya kreti.

Usukani ulikuwa kulia. Gia ilikuwa imehamia kushoto kwake, na ilisogea. Lakini pale kushoto, usukani ulipong'olewa, palikuwa na kiraka cha bati cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kimechomelewa vizuri ila hakikupakwa rangi. Kilimeta.

Tuyishime aliinama. Alipitisha kidole juu ya kiraka, akarudia. Mama Benedicte, Mungu amsamehe, alikuwa anatazama viatu vya Tuyishime.

"Ulitumia risasi ya kuchomelea kiasi gani hapa?" Tuyishime alimuuliza Balagizi.

"Kidogo sana. Bati yako iko nyepesi, niliogopa kuitoboa."

"Inaonekana." Alikigusa kiraka mara ya mwisho. "Ni kazi ya mutu anajua." Kisha akaibeba Bellandi mwenyewe, kwa mikono miwili, akamwambia Fabien bila kugeuka, "Shika sanduku. Twende, tunachelewa."

Fabien alilishika sanduku tupu akalikumbatia njia nzima, na hakuficha kwamba anafurahi.

Uani kwa Gaffar, Old Town, magari ya kweli yalikuwa yamepangwa safu, yameoshwa mpaka yanatia kiu. Bellandi ya bati iliwekwa mezani kando ya gari la Gaffar, picha ikapigwa, na ugomvi ukaanza hapo hapo. Kijana mmoja mwenye kofia alisema pua imeharibika, Waitaliano wamesahau kuchora. Mwingine akasema acha pua, tatizo ni umeme. Daktari mmoja alisema angeuza nyumba alipate kwa ajili ya ile gia tu. Mtu akauliza kwa nini kijani. Walibishana kwa Kiingereza na Kichewa, mikono hewani, na Mama Benedicte alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, maana hakuna neno hata moja ambalo hakulisikia bandani kwake. Gia tu ndizo zilizosukumwa na mkono mwingine.

Mwanamke mmoja aliyevaa ovaroli, fundi aliyekuja na gari lake la zamani, hakubishana na yeyote. Alichuchumaa mbele ya meza. Alifungua mlango mdogo kwa ukucha, akazungusha usukani, akatazama magurudumu yakigeuka. Akaona kiraka, akatabasamu kama mtu aliyekutana na wa kazi yake.

"Wapanga ndani?" aliuliza. Nani ameitengeneza?

Gaffar alimgeukia Fabien, kama alivyozoea, na wengine wakamgeukia pia. Fabien alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akarudi nyuma hatua moja, akamwonyesha Tuyishime kwa kidevu.

Tuyishime alisogea mezani. Kichewa chake kilikuwa cha sokoni, cha kununulia nyanya.

"Ndapanga ndine," alisema. Mimi ndiye niliyeitengeneza.

Mwanamke alisimama, akafuta mkono kwenye ovaroli na kumpa. Akamuuliza jina. Tuyishime akalitaja. Yule mwanamke akajaribu, likamshinda, akacheka na kuomba arudiwe. Watu uani walikuwa wamesogea kusikiliza sasa, pamoja na kijana wa kofia. Tuyishime akalirudia polepole, Tu-yi-shi-me, akingoja kila kipande kifike, mpaka jina lake likatoka kinywani mwa yule mwanamke likiwa zima.